Chupa nne za nyumba moja: jinsi ya kuonja waini nyeupe za bei nafuu kutoka Chile

Waini nyeupe ya bei nafuu kwa kawaida hunywewa upesi, ikiwa baridi kama barafu, na kesho yake hakuna anayekumbuka ilikuwaje. Nami nilikunywa hivyo miaka mingi. Kilichonibadilisha ni jambo dogo: siku moja niliweka mezani chupa nne za mtengenezaji mmoja na kuzionja moja baada ya nyingine bila haraka. Chupa moja ikiwa peke yake haina cha kulinganishwa nayo, kwa hiyo utaishia kusema ni nzuri au si nzuri. Chupa nne za nyumba moja zinakuonyesha mkono uleule ukifanya kazi na zabibu tofauti, mashamba tofauti na bei tofauti. Hapo ulimi unafunguka wenyewe.

Nyumba ninayoitumia kama mfano ni Concha y Toro ya Chile. Ni kubwa, chupa zake zinapatikana kwenye supamaketi za Dar es Salaam na Nairobi, na ngazi zake za bei zinaeleweka. Kama karibu nawe kuna nyumba nyingine ya Chile, njia ni ileile. Ninayemwandikia ni mtu mzima anayekunywa tayari na anataka kujua anachokunywa.

Ijue nyumba kwanza

Melchor de Concha y Toro alianzisha nyumba hii mwaka 1883 huko Pirque, kwenye bonde la Maipo, si mbali na mji mkuu Santiago, kwa miche ya mizabibu iliyotoka Bordeaux, Ufaransa. Hakuwa wa kwanza. Silvestre Ochagavía alikuwa ameshaingiza miche ya Kifaransa mwaka 1851, na matajiri wengi wa Santiago walifuata nyayo zake. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba wezi walikuwa wakiingia kwenye ghala la chini ya ardhi na kuiba chupa bora za Melchor, naye akaeneza uvumi kwamba shetani anaishi humo. Wizi ukakoma. Ndiyo maana lebo yake maarufu inaitwa Casillero del Diablo, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Kishubaka cha Shetani.

Kwa waini nyeupe, hata hivyo, mambo mawili ya miaka ya karibuni yana uzito kuliko hadithi hiyo.

La kwanza lilitokea mwaka 1979, Mhispania Miguel Torres alipofika Curicó, kusini mwa Santiago, na kuleta matangi ya chuma cha pua ambamo maji ya zabibu huchachuka kwa baridi. Kabla ya hapo waini nyingi za Chile zilichachukia kwenye mapipa makubwa ya mti wa kienyeji uitwao raulí, na nyeupe zilitoka zimechoka, rangi ya manjano iliyokolea, harufu ya mbao kuukuu. Joto likidhibitiwa, harufu ya tunda hubaki ndani badala ya kuondoka na povu.

La pili ni bonde la Casablanca, kati ya Santiago na bandari ya Valparaíso. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Pablo Morandé, aliyekuwa akifanya kazi Concha y Toro, alipanda mizabibu huko wakati ambapo wengi waliona ni mahali pa baridi mno. Mkondo wa bahari wa Humboldt hupitisha maji baridi kwenye pwani ya Chile. Asubuhi ukungu huingia bondeni na kulala juu ya mizabibu, mchana jua huuondoa, alasiri upepo wa bahari huanza kuvuma. Zabibu zikiiva taratibu namna hiyo hubaki na uchachu na harufu yake. Zikiiva upesi kwenye joto, sukari hupanda, uchachu hushuka, na waini inatoka nzito, laini, isiyo na uhai. Shika maelezo haya, maana yatarudi kwenye glasi yako.

Hatua ya kwanza: chagua chupa nne

Mimi huchukua hizi. Frontera ya Sauvignon Blanc (hilo ni jina la zabibu), ambayo ndiyo ngazi ya chini ya bei. Casillero del Diablo ya Sauvignon Blanc, ngazi inayofuata. Casillero del Diablo ya Chardonnay, ili nione zabibu nyingine kwa bei ileile. Ya nne, kama tumechanga watu watano au sita, ni Marques de Casa Concha ya Chardonnay, inayotoka bonde la Limarí kaskazini, ambako ardhi ina chokaa. Hiyo si ya bei nafuu. Mezani inakaa kama kipimo: bila kuijua, hutajua zile tatu za chini zimekufikisha wapi na zimekuacha wapi.

Kama bajeti hairuhusu, badala yake chukua Gewürztraminer ya Cono Sur, yenye picha ya baiskeli kwenye lebo. Cono Sur ni kampuni tanzu ya Concha y Toro, iliyoanzishwa mwaka 1993. Zabibu hiyo inanukia waridi na shokishoki waziwazi kiasi kwamba hata anayesema hana pua ataipata mara ya kwanza. Kwa wanaoanza, nadhani ni mwalimu bora kuliko chupa ya bei kubwa.

Zinunue zote kwa pamoja, na kabla ya kulipa soma lebo.

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno. Chile iko kusini mwa ikweta na huvuna zabibu za waini nyeupe kuanzia Februari mpaka Aprili, kwa hiyo waini yake ya mwaka fulani huitangulia ya Ulaya ya mwaka huohuo kwa nusu mwaka. Sauvignon Blanc ya bei nafuu haikutengenezwa ili itunzwe. Chukua changa kuliko zote rafuni. Ikiwa imepitisha miaka mitatu, iache. Chardonnay inavumilia zaidi, lakini ya bei ya chini nayo haina sababu ya kusubiri.

Mahali pana maana kubwa. Ukiona Valle Central, ujue zabibu zimetoka sehemu yoyote ya bonde refu lililo kati ya safu ya milima ya pwani na Andes: Maipo, Rapel, Curicó, Maule. Huko kuna joto, maji ya theluji ya Andes hunywesha mashamba, mavuno ni mengi, na bei inashuka kwa sababu hiyo. Ukiona Casablanca, Leyda au Limarí, mahali pamebanwa zaidi, na kwa kawaida ni baridi zaidi.

Neno Reserva lisikutishe. Hispania neno hilo hufungwa na sheria ya muda wa kulaza waini kwenye pipa na chupani. Chile halina masharti ya miaka kama hayo, na Casillero del Diablo ya Sauvignon Blanc imeandikwa Reserva ilhali ni waini changa inayotakiwa kunywewa mapema. Lichukulie kama alama ya ngazi ndani ya nyumba husika tu.

Na jina la zabibu. Sheria ya Chile inataka angalau asilimia 75 ya zabibu iliyotajwa, na Umoja wa Ulaya unataka 85 kwa zinazouzwa huko. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kilichoitwa Sauvignon Blanc nchini Chile kilikuwa Sauvignonasse, zabibu nyingine kabisa inayofanana nayo shambani lakini yenye harufu hafifu. Mashamba mapya yalipandwa mche sahihi. Wazee waliokuwa wakisema nyeupe za Chile hazina ladha walikuwa na haki yao.

Hatua ya pili: angalia chupa ilikokaa

Hatua hii watu huiruka, na kwa mji wenye joto kama Dar ndiyo inayoharibu zaidi. Waini nyeupe iliyokaa wiki kadhaa kwenye dirisha linalopigwa na jua, au kwenye stoo ya mabati, imepikwa. Chupa ya kioo kisicho na rangi huathirika upesi zaidi, maana mwanga nao unaharibu.

Niliwahi kununua chupa sita za sherehe kutoka duka moja kwa sababu tu bei ilikuwa imeshushwa. Zilikuwa zimepangwa nje, karibu na mlango wa kioo. Nilipofungua ya kwanza nyumbani, rangi ilikuwa kama chai iliyopauka na harufu kama tufaha lililoachwa likaoza upande mmoja. Zote sita zilikuwa hivyo. Tangu siku hiyo huchukua chupa za nyuma ya rafu, ndani kabisa, gizani, na nikikuta kizibo kimesukumwa juu kidogo au waini imevuja na kukauka shingoni, sinunui. Chupa nyingi za bei hii zina kifuniko cha kuzungusha, na hilo ni jambo jema: hakina ugonjwa wa kizibo, yaani ile harufu ya karatasi yenye unyevu inayotoka kwenye kizibo kibovu, na hakihitaji kizibuo.

Hatua ya tatu: andaa chumba na glasi

Usifukize udi siku hiyo. Usijipulizie marashi, wala usikae karibu na kikuba cha asmini. Kama jikoni kuna vitunguu vinakaangwa, subiri. Pua inapata harufu moja kubwa na kuziacha ndogo, na harufu za waini ni ndogo.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, ili harufu ikusanyike. Ioshe, isuuze sana, iache ikauke yenyewe. Taulo la jikoni huacha harufu ya sabuni na mafuta. Kila mtu awe na angalau glasi mbili, ili alinganishe. Kombe moja la kila mtu kwa chupa zote linaua kazi nzima.

Mimina kidogo. Chupa ya mililita 750 inatoa vionjo 15 vya mililita 50, kwa hiyo watu sita na chupa nne mna zaidi ya kutosha. Ukimeza vionjo vyote vinne umekunywa mililita 200 za kitu chenye kilevi cha asilimia 12 au 13, na ukirudia kulinganisha umezidi. Ndiyo maana waonjaji hutema. Najua kwetu kutema mbele za watu ni utovu wa adabu. Mpe kila mtu kikombe cha udongo au bilauri yenye kifuniko, isiyoonyesha ndani, na atakayeona haya aelekee sinki. Baada ya chupa ya pili aibu huisha. Anayeendesha gari ateme yote.

Weka pia maji na mkate mkavu usio na siagi.

Hatua ya nne: baridi, lakini isizidi

Saa tatu kwenye friji zinatosha. Kama umechelewa, ndoo yenye barafu, maji na konzi ya chumvi huipoza chupa kwa dakika 20 hivi, kwa kasi kuliko barafu tupu, kwa sababu maji yanaigusa chupa pande zote.

Sauvignon Blanc inapendeza kati ya nyuzi 8 na 10, Chardonnay kati ya 10 na 13. Huna haja ya kipimajoto. Toa Sauvignon kwenye friji dakika kumi kabla ya kumimina, Chardonnay dakika 20. Waini ikiwa baridi mno harufu hujificha na unabaki na uchachu tu. Onja kionjo kimoja mara tu kinapotoka kwenye friji, kisha kirudie baada ya robo saa glasi ikiwa mkononi. Utadhani umebadilishiwa chupa.

Hatua ya tano: pua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa, kwa sababu maelezo ya nyuma ya chupa yanataja beri za Ulaya ambazo hatujawahi kuzishika. Mtu anasoma, ananusa, haoni kilichoandikwa, anahitimisha kwamba hana kipaji. Pua yake ni nzima. Amepewa msamiati usio wake.

Shemeji yangu ndiye aliyenifungua macho. Hakuwahi kusoma chochote kuhusu waini. Nilimpa glasi ya Sauvignon Blanc ya Casablanca, akanusa, akanyamaza, akanusa tena.

"Shemeji," akasema, "hii si inanukia kisamvu kinapotwangwa?"

Nilinusa glasi yangu na sikuweza tena kuikwepa: kile kijani kikali kinachopanda puani kinu kinapoanza kulia. Waonjaji wa kigeni wanakiita nyasi zilizokatwa au jani la nyanya. Ni kitu kilekile, na kina asili yake. Ngozi ya zabibu hii ina kemikali ziitwazo pirazini, ambazo zimo pia kwenye pilipili hoho. Jua na joto huzipunguza kadiri zabibu inavyoiva, kwa hiyo zabibu ya bonde la baridi hubaki nazo nyingi kuliko ya bonde la joto. Ukinusa kisamvu au hoho kwenye glasi, umenusa ukungu wa Casablanca.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa nenda sokoni. Nunua pasheni, ndimu, balungi, pera lililoiva, hoho la kijani, mchaichai, nanasi na embe. Kata kila kimoja, weka vipande kwenye vikombe vidogo. Kama una mnyanya uani, sugua jani lake kwa vidole. Kwa ajili ya Chardonnay ongeza siagi kidogo, ute wa vanila na kipande cha mkate uliochomwa. Vipange katikati ya meza.

Sasa mimina Frontera. Kwanza inuse bila kuitikisa glasi. Kisha izungushe taratibu mezani, kitako kikiwa kimelala, ili waini ipande kuta za glasi, na uingize pua ndani. Vuta pumzi fupi mbili au tatu. Usivute ndefu, maana pua huzoea harufu upesi na kuizima. Ukikwama, nusa kiwiko cha mkono wako, halafu rudi. Pita kwenye vikombe: pasheni, rudi kwenye glasi, ndimu, rudi kwenye glasi, pera, rudi kwenye glasi. Kimoja kitagonga.

Kwenye Sauvignon mara nyingi kitakuwa pasheni au balungi. Na hili nalistaajabia kila mara: maji ya zabibu yenyewe hayanukii pasheni. Chembechembe za harufu hiyo, ziitwazo thioli, zimefungwa ndani ya zabibu zikiwa hazina harufu, na hamira ndiyo inayozifungua wakati wa kuchachuka. Baadhi yake ni zilezile zilizomo kwenye pasheni lenyewe. Unaponusa pasheni humo, hujidanganyi.

Kwenye karatasi chora mistari miwili, mmoja wa vinavyonukia, mmoja wa vinavyonuka. Kiswahili kimetupa tofauti hii bure, tuitumie. Andika kwa maneno ya jikoni na sokoni kwako. Mtu wa Tanga ataandika stafeli, mtu wa Moshi ataandika majani ya mgomba, na wote wawili watakuwa sahihi kama wanaweza kuirudia harufu ileile kesho.

Kisha Casillero ya Sauvignon, kando kwa kando na Frontera. Jiulize swali moja tu: ipi ina harufu nyingi, na ipi inaendelea kubadilika glasi inapopata joto? Mara nyingi Frontera hutoa ndimu na tufaha la kijani, moja kwa moja, kisha basi. Ya pili huleta kitu cha ziada baada ya dakika tano. Ikitokea kinyume kwenye meza yako, andika hivyo. Karatasi ni yako.

Hatua ya sita: mdomo

Chukua fundo dogo, lisambaze ulimini na kwenye ufizi, vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyobana, shikilia kwa kuhesabu mpaka tano, tema. Kuna mambo manne ya kutafuta.

Uchachu. Baada ya kutema, inamisha kichwa kidogo na usubiri. Mate yakijaa kinywani kwa wingi, kama mtu aliyeona embe bichi lenye chumvi na pilipili, uchachu ni mkubwa. Yakichelewa, ni mdogo. Hiki ndicho kipimo cha uhakika kuliko hisia ya ulimi, na kinatenganisha waini ya bonde la baridi na ya bonde la joto vizuri kuliko kingine chochote.

Utamu. Waini nyingi kati ya hizi ni kavu, yaani sukari karibu yote imegeuka kilevi. Lakini harufu ya nanasi na embe hutudanganya tukasema ni tamu. Fanya jaribio hili: ziba pua kwa vidole, onja, meza mate. Ulimi peke yake hauoni nanasi. Ukikuta utamu bado upo huku pua imezibwa, ni sukari kweli. Ukitoweka, ilikuwa harufu. Mara ya kwanza kulifanya mezani, kila mtu alirudia mara mbili bila kuamini.

Uzito. Linganisha maji, maziwa yaliyoondolewa mafuta na maziwa halisi. Sauvignon hukaa karibu na maji, Chardonnay husogea kwenye maziwa. Sehemu ya uzito huo hutokana na kilevi, sehemu na kazi ya kiwandani. Chardonnay nyingi huruhusiwa kupita mchachuko wa pili, ambapo bakteria hugeuza asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini ya maziwa, na harufu ya siagi hutokea hapo. Pipa la mwaloni huongeza vanila, nazi na mkate uliochomwa. Pipa jipya ni ghali, ndiyo sababu kwenye Chardonnay ya bei ya chini mwaloni mara nyingi unasikika kidogo tu, au hausikiki kabisa. Mimi binafsi nafurahi kwa hilo. Chardonnay nafuu isiyo na mbao, yenye embe na nanasi tu, ni mwaminifu zaidi kuliko ile inayojaribu kuigiza ya bei kubwa.

Mwisho, urefu. Baada ya kutema, hesabu sekunde mpaka ladha ya tunda iishe. Usihesabu uchachu wala uchungu, hesabu tunda. Waini ya ngazi ya chini mara nyingi huaga mapema. Ukifika kwenye Marques de Casa Concha utaona hesabu inarefuka, na kunakuja kitu kama chumvi mwishoni ambacho zile nyingine hazina. Hapo ndipo fedha zako za ziada zilikokwenda.

Fuata mpangilio: nyepesi kabla ya nzito, isiyo na pipa kabla ya yenye pipa. Gewürztraminer, kama ipo, iwe ya mwisho, maana harufu yake hufunika nyingine zote.

Hatua ya saba: rudia bila kuona lebo

Mmoja wenu, asiyeonja safari hii, azifunge chupa kwa magazeti mpaka shingoni na kuziandika herufi A mpaka D. Onjeni tena kimyakimya. Kila mtu aandike kabla ya yeyote kusema, kwa sababu mwenye sauti kubwa mezani akisema "nanasi", wote watanusa nanasi. Andikeni zabibu mnayodhani, na ipi mngeilipia tena kwa fedha zenu. Kisha fungueni magazeti.

Usishangae Casillero ikiishinda ndugu yake wa bei kubwa kwa nusu ya watu. Chardonnay yenye pipa huhitaji kuzoewa, na anayependa uchachu na pasheni hajakosea. Nilichokiona mara kwa mara ni kwamba pengo kati ya ngazi ya kwanza na ya pili ni kubwa kuliko pengo la bei yake. Kama unaweza kuongeza kidogo tu, ongezea hapo.

Vinavyonuka

Karatasi ya unyevu au kitambaa kilichokaa kwenye maji: huo ni ugonjwa wa kizibo, na waini hiyo haitapona. Siki, au dawa ya kuondoa rangi ya kucha: hewa na bakteria vimeingia. Tufaha lililooza na rangi ya kahawia: imezeeka au imepikwa. Zote tatu zirudishe dukani kama risiti ipo.

Kiberiti kilichotoka kuwashwa, au yai kidogo, ni jambo jingine. Hutokea kwenye chupa za kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu waini imekosa hewa. Imimine kwenye jagi kwa kishindo, izungushe, isubiri dakika kumi. Mara nyingi harufu huondoka na tunda linatokea. Watu wengi humwaga chupa nzima kwa kosa hili, na inaniuma.

Mezani

Mkishaonja bila chakula, leteni chakula. Wachile hunywa Sauvignon yao na samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu, na dagaa wa baharini wa kila namna. Kwetu changu wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu nyingi hukaa pahali hapo bila shida: uchachu wa sahani na uchachu wa glasi vikilingana, waini inaonekana laini. Ukiinywa na chakula chenye sukari, itaonekana kali kama ukwaju. Pweza wa nazi au kamba wa nazi wanataka Chardonnay, maana mafuta ya tui huhitaji mwili wa kubebana nayo. Pilipili kali huongeza moto wa kilevi, kwa hiyo kama mchuzi wako unachoma, Gewürztraminer yenye utamu kidogo itakutuliza zaidi.

Zinazobaki zifunge kwa vifuniko vyake na uzirudishe kwenye friji zikiwa zimesimama. Sauvignon ionje tena kesho na keshokutwa na uandike kilichotoweka kwanza. Kwangu huwa pasheni, kisha kijani, ndimu inabaki ya mwisho. Chardonnay hufika siku ya tatu. Siku ya nne iende jikoni: nusu kikombe kwenye kikaango cha kamba na kitunguu saumu, moto mkali, iache ichemke mpaka ibaki robo, ndipo utie tui.